Ukuta wa Magunia ya Mahindi ya Njano

Mzungu wa mwisho kuhama kule Nyansiongo aliuza kila kitu mpaka kamba za kuanikia nguo, na mimi na wenzangu watatu tukanunua bafu lake. Sisemi chumba, nasema chombo chenyewe, kile cha chuma kizito kilichopakwa rangi nyeupe, chenye miguu minne kama ya simba, mtu analala ndani na maji yanamfika shingoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kulala ndani ya maji. Tulitaka kitu cha kunyweshea ng'ombe ambacho hakitaoza kama hori la mbao. Tulilibeba kutwa nzima, wanaume wanne, tukipokezana mabega, na karibu na kilima cha mwisho mvua ikatukuta hapana mti wala nyumba. Basi tukaligeuza kifudifudi, tukaliinua kidogo, tukaingia chini yake, tukachuchumaa. Mama mmoja akapita na kikapu chake, akaona chuma cheupe njiani kina miguu minne juu na minane chini, na kinabishana kuhusu nani alikuwa na wazo hili la kijinga. Mama yule alitupa kikapu. Mpaka leo sijui ni nani, na kama bado yuko hai namwomba msamaha hapa hapa, tulikula ndizi zake.

Bafu likabaki kwangu kwa sababu boma langu ndilo lililokuwa karibu na barabara na wenzangu walikuwa wamechoka. Ng'ombe walikunywa humo mwaka mmoja hivi. Halafu jirani akawa na harusi, akaomba alowekee maharagwe ndani yake, nami nikaenda nalo kwa kuogopa lisivunjwe miguu, na nilipofika nikaona wanavyopika, nikashindwa kunyamaza. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, na hata hilo la tatu sikulimaliza, lakini kupika kwa watu mia mbili ni hesabu ambayo naijua bila kalamu. Ukiweka chumvi wakati maharagwe bado magumu umewapa watu mawe. Ukikoroga ugali mkubwa umesimama upande mmoja tu, upande wa pili unalala mbichi. Kuanzia siku hiyo, mwenye harusi au matanga alikuja kuazima bafu, na bafu haliji bila mimi. Vijana walinitania, ati mwanaume wa sufuria, ati mke wangu analima mimi nachambua mboga. Niliwaacha waseme. Wote walikuja kula.

Naandika haya kwa sababu ya mazishi. Mwezi uliopita tulimzika mama Bosibori kule Nyaramba, mwanamke niliyefanya kazi chini yake mwaka mmoja tu, na katika maisha yangu sijapata mkubwa wa kazi kama yeye. Baada ya kaburi kufunikwa, mama mmoja mnene aliyevaa kitambaa cha buluu akanishika mkono. Sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa ni Kerubo. Pembeni yake alisimama binti yake, mwalimu, mtu mzima mwenye miwani, anaitwa Kwamboka, na huyo binti akaniuliza swali moja kwa sauti ya upole kama wanavyouliza walimu wakiwa tayari kungoja. Alisema, "Mzee, mama yangu alikuwa anajifungua, hakuona kitu. Baba yangu hakuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya magunia na babu yangu siku niliyozaliwa. Nataka kujua alikuwaje." Nilimwambia swali hilo haliwezi kujibiwa na watu wamesimama kwenye foleni ya chakula. Nikarudi nyumbani, nikanunua daftari.

Ulikuwa mwaka wa mishale kule mpakani, kati ya watu wetu na majirani zetu wa kabila la pili. Sitaki kusema nani alianza, nimesikia watu wengi wakisema nani alianza na hakuna hata mmoja aliyemaliza akiwa na furaha. Ninachojua ni kwamba watu waliokuwa wakiuziana maziwa juzi, leo walikuwa wakichomeana nyumba, na kwamba barabara ya kutoka mpakani ilijaa watu wetu na magodoro yao, kuku chini ya makwapa, cherehani juu ya kichwa cha mtu. Nakumbuka pia mama mmoja wa upande wa pili aliyefika mpaka kwenye uzio wetu siku ya tatu na kibuyu cha maziwa, akakiweka chini, akasema jina la jirani yake aliyekimbia, akaondoka bila kungoja jibu. Hayo nayo yalikuwepo.

Watu wakawekwa katika ghala la zamani la pareto la ushirika. Mashine za kukaushia zilikuwa zimeshauzwa, yakabaki mabati, sakafu ya saruji, mlango mkubwa mbele na mlango mdogo nyuma, ule waliokuwa wakipitishia magunia. Kama hujawahi kulala mahali palipokaa maua ya pareto miaka ishirini, nikwambie: hutaona kiroboto hata mmoja, kunguni hata mmoja, lakini utapiga chafya mpaka usahau jina lako. Usiku watu mia moja na zaidi walipiga chafya kwa zamu kama kwaya. Kina mama wa kanisa letu wakaja kwangu asubuhi, Bosibori mbele, mfupi, mkono mmoja kiunoni. Hakunisalimia vizuri. "Bafu liko wapi?" Nikamwonyesha. "Na wewe uko tayari?" Nikamwambia sina kazi ya haraka. "Basi sasa unayo." Toka siku hiyo aliniita Bwana Bafu, na mwishowe hata watoto wa kambi.

Nilihamia ghalani kabisa, na sababu yake si wema peke yake. Kwangu walikuwa wamekimbilia watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu. Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Kwa asiye wa kwetu naeleza: sisi Abagusii tuna kitu tunakiita chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye mipaka iliyopimwa kama shamba. Mimi na mama mkwe hatuwezi kulala chini ya paa moja. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, haoni kitanda chake, na mke wa mwanawe hamwoni yeye amelala, wala yeye hamwoni mkwe wake amelala. Si kwamba wanachukiana. Wanasalimiana, wanapelekeana chakula, wanaulizana habari za ndama. Lakini paa ni paa. Ukivuka umevunja kitu ambacho hakiungwi kwa kusema samahani. Wakati wa amani ni jambo rahisi, kila mtu ana nyumba yake, unaishi miaka hamsini bila kulifikiria. Sasa chukua wazee hao na wana wao na wake za wana wao, waweke wote kwenye ghala moja lisilo na chumba hata kimoja.

Mzee Onchari alifika na mwanawe Ratemo na mke wa Ratemo, huyo Kerubo, ambaye tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele yake. Mke wa mzee alikuwa amekufa zamani. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, koti lake la rangi ya kahawia limefungwa vifungo vyote. Alitazama ndani ya ghala mara moja, akamwona mkwe wake anatandika gunia pale sakafuni, akageuka. Wazee wengine walinung'unika, wakajikunyata kwenye pembe, wakageuza nyuso ukutani wakasema vita havina chinsoni. Yeye alikwenda nje akalala upenuni. Na Nyansiongo si Mombasa. Ule ni mlima, umande wake wa alfajiri unaingia mpaka kwenye meno. Siku ya nne alianza kukohoa. Nesi wa zahanati akaweka sikio lake kifuani mwa mzee, akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa namletea chakula, "Huyu akiendelea kulala nje mtamzika. Mwingizeni ndani." Kana kwamba tulikuwa tumemfungia.

"Tata," nikamwambia, maana kwetu mzee wa rika lile unamwita baba, "nesi amesema uingie."

"Nesi ni mtu wa wapi?"

"Wa Kakamega."

"Basi hana kosa," akasema, akaendelea kukoroga uji wake kwa kidole.

Ratemo hakuweza kulala ndani huku baba yake yuko nje, akatoka naye akalala mvuani. Kerubo akabaki peke yake analia kwamba yeye ndiye anayemuua baba mkwe wake kwa kulala mle ndani. Kwa hiyo shauri lilikuwa hilo: mzee aingie ndani au afe, na kuingia hawezi. Niliwaza nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa bafu. Na mimi sikuwa mtu wa kukata tamaa enzi zile, bado siko hivyo.

Siku ileile lori la misaada likaja. Lilileta blanketi chache, maharagwe, na magunia ya mahindi ya njano. Watu walinuna, maana kwetu mahindi ni meupe, haya ya njano walisema ni ya kulisha farasi wa Amerika. Bosibori akasimama juu ya gunia akawaambia farasi wa Amerika wamenenepa, nani hapa amenenepa? Watu wakacheka, ikaisha. Vijana wakaanza kushusha magunia na kuyarundika ovyo karibu na mlango, nami nikaona. Nilisema, "Acheni! Msirundike. Pangeni." Nikapiga mstari wa majivu sakafuni, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, nikawaambia wapange magunia juu ya mstari, moja juu ya jingine, kama fundi anavyopanga matofali, viungo visikutane. Walipomaliza ukuta ulifika juu ya kichwa changu. Ghala likawa nyumba mbili. Mbele ina mlango wake mkubwa, nyuma ina mlango wake mdogo. Nikaenda kwa mzee nikamwambia, "Tata, nyumba yako iko tayari. Ina mlango wake, na ukuta wake ni futi mbili unene." Alizunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma, akapiga magunia kwa fimbo, akasikiliza. Akapiga tena.

"Nani amejenga?"

"Mimi."

"Umejenga kwa chakula," akasema. Halafu akavua koti. Nilijua nimeshinda.

Wazee wengine wote wakahamia nyuma, na ikawa kambi ya furaha kwa siku zipatazo kumi. Nasema furaha na sioni aibu, watu walioungua nyumba pia hucheka. Upande wa nyuma vijana waliuita Kenyenya, jina la mji wa mbali kule kwetu, kwa kuwa ukitaka kuwapelekea wazee sahani huwezi kuruka magunia, ni lazima utoke nje, uzunguke matopeni, uingie mlango wa nyuma, safari kweli. "Naenda Kenyenya, nani ana ujumbe?" Na mazungumzo yalipita juu ya ukuta bila mtu kumwona mwenzake.

"Huko mbele!" mzee mmoja anaita. "Nani amepika chai hii bila maziwa?"

"Ng'ombe walibaki, tata!"

"Basi chai nayo ingebaki!"

Na mzee Onchari, ambaye hakuwa mtu wa kelele, kila asubuhi alikohoa kidogo, sasa kikohozi cha heshima tu, akasema akiyaelekea magunia, "Mmeamkaje huko?" Na Kerubo akajibu, "Tumeamka salama, tata. Na nyinyi?" "Sisi tuko." Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yao. Kerubo aliniambia baadaye kwamba alipokuwa anasikia kile kikohozi alfajiri ndipo alipojua kumekucha na kwamba bado wana mtu.

Sasa nikiri kosa langu, maana wewe unayesoma umeshaliona na mimi sikuliona. Nilijenga ukuta kwa kitu ambacho kazi yangu ilikuwa kukitia kwenye sufuria. Kila siku nilihitaji magunia mawili. Mwanzoni nilichukua yale ya pembeni yaliyobaki, halafu nikachukua ya juu kabisa, kwa uangalifu, moja huku moja kule, kama mtu anayekata nywele za mtoto. Ukuta ukafika kwenye macho yangu. Ukafika kwenye kidevu. Lori lingine lilikuwa lije Jumatatu, halikuja. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, likakwama kwenye tope upande wa daraja, na watu walisema linaweza kukaa huko wiki. Vijana wakaenda kila siku na majembe na mawe na matawi kulisukuma, Ratemo akiwa wa kwanza wao.

Ukuta ulipofika kifuani nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka mingi. Niliongeza maji. Siku mbili nilipika githeri, yaani mahindi na maharagwe, kwa gunia moja badala ya mawili, nikaongeza maji, nikakoroga kwa nguvu ili ionekane nzito. Watoto walikula wakarudi na sahani. Niliwaambia imekwisha. Siku ya pili jioni, jua bado lipo, Bosibori akaja jikoni, akachukua mwiko wangu, akaudidimiza, akauinua juu, akatazama kile kinachodondoka.

"Bwana Bafu. Hii ni githeri au ni maji uliyooshea githeri?"

"Lori limechelewa, mama. Nabana."

"Unabana magunia au unabana watoto?"

Akatazama ndani kupitia mlango, akauona ukuta, akaelewa yote kwa mara moja. Alikuwa na akili ya haraka sana, yule mama. Hakunitukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Najua kwa nini. Mzee huyo ni kama baba yangu pia. Lakini ukuta huu ulikuja hapa ili uliwe. Kesho nataka magunia mawili, na kesho kutwa mawili, hata ukifika sakafuni."

Nilikwenda mwenyewe kumwambia mzee. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Alikuwa anakula, akaendelea kula mpaka akamaliza, akapangusa midomo. "Watoto na wale," akasema. "Mimi nimechunga ng'ombe tangu nikiwa mdogo, nje najua." Wazee wengine walitundika blanketi kwenye kamba juu ya magunia yaliyobaki, wakasema inatosha. Nilimwomba naye akubali. Akaishika blanketi kwa vidole viwili. "Hii ni nguo. Nguo hufunuliwa na upepo. Na mkwe wangu yuko karibu na siku zake." Akarudi upenuni, upande wa nyuma, na kikohozi nacho kikarudi, si kile cha heshima.

Kwa siku tano niliula ukuta ule kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya sita, baada ya chakula cha mchana, uchungu ukamshika Kerubo. Ratemo alikuwa kwenye lori kule darajani, ambako vijana sasa walikuwa wakilala huko huko. Bosibori, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya kanisa, akawafukuza wanaume wote, wa mbele na wa Kenyenya pia, akafunga mlango mkubwa, akabaki na akina mama wanne. Tulijibana chini ya mabati ya jiko, karibu na moto. Mnajua mvua ya kwetu inavyokuja mchana. Mbingu inakuwa rangi ya sufuria iliyoungua, kunatulia, ng'ombe wanaacha kula, halafu unasikia kishindo kinatoka mbali kama watu wengi wanaokimbia. Ilikuwa mvua ya mawe. Mawe ya ukubwa wa mayai ya kware, kisha makubwa zaidi, yakaanza kuchana majani ya chai kwenye mashamba tukiona kwa macho. Nikahesabu vichwa pale jikoni. Onchari hayupo.

Nilichukua kifuniko cha sufuria, nikakiweka kichwani, nikakimbia. Upepo ulikuwa unapiga upande ule ule wa nyuma, upenu ulikuwa hausaidii kitu. Alikuwa amechuchumaa ukutani, sahani yake ya bati juu ya kichwa, mawe yanamgonga mabegani na kwenye mikono, na vidole vyake vinatoka damu. Hakuwa hata anatafuta pa kwenda.

"Tata, ingia!"

"Kuna mzazi ndani."

"Najua kuna mzazi ndani! Na nje kutakuwa na maiti!"

"Niache, momura, wewe kijana."

Sikumwacha. Alikuwa mwepesi kuliko gunia. Nilimbeba kifuani kama unavyombeba ndama, akinipiga kwa kiwiko, nikasukuma ule mlango mdogo kwa mgongo, tukawa ndani. Ukuta ulikuwa umebaki magunia mawili kwenda juu, magotini tu, na zile blanketi za kamba akina mama walikuwa wameshazichukua kumfunika Kerubo. Sikutazama. Naapa, sikutazama upande ule. Nilimkalisha mzee akiwa ameelekea bati la nyuma, nikamvika gunia tupu kichwani, nikakaa karibu yake nikajivika la pili. Wanaume wawili wenye magunia vichwani. Kelele za mawe juu ya bati zilikuwa kubwa hata sikuweza kusikia pumzi zangu, ila katikati ya kelele hizo ilikuja sauti ya Kerubo, na kila ilipokuja mzee aliusogeza uso wake karibu zaidi na bati.

"Nani huko?" Bosibori akapiga kelele.

"Ni mimi, mama! Bafu!"

"Na nani?"

"Ni mawe, mama," nikasema. "Mawe ni makali huko nje." Naye hakuuliza tena.

Ndipo mzee alipoanza. Mwanzoni nilidhani anaomba. Niliinama karibu na gunia lake, nikasikia kwamba anataja ng'ombe. Ng'ombe wake mwenyewe, wale waliochukuliwa, mmoja mmoja, jina na rangi na mama yake. "Nyang'era, mweusi, mtoto wa Kemoni. Kemoni, doa jeupe begani. Moseti, aliyevunjika pembe." Aliwataja kwa sauti ya juu kabisa, kwa nguvu zote za kifua kile kibovu, akimaliza anaanza tena. Nikaelewa. Alikuwa anajaza masikio yake ili asimsikie mke wa mwanawe. Alikuwa amenyang'anywa nyumba, paa, ukuta, na sasa anajenga ukuta mwingine kwa majina ya ng'ombe, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki. Nami nikasaidia. Sikuwajua ng'ombe wake, basi nikawa narudia baada yake, kwa kelele, kama watoto darasani. "Moseti, aliyevunjika pembe!" Tulikuwa hivyo sijui dakika ngapi.

Halafu mvua ya mawe ikakatika. Kwetu huwa haipungui, inakatika kama kamba. Bati likanyamaza lote kwa pamoja, na katika kimya kile sauti ya mzee Onchari ikabaki peke yake hewani, kubwa, inasema, "Nyang'era, mweusi, mtoto wa Kemoni!"

Akasita. Kila mtu alikuwa amesikia.

Kutoka upande wa pili, ikiwa imechoka, ikaja sauti ya Kerubo. "Tata yuko ndani?"

Nilisikia maji yanadondoka kutoka ukingo wa paa. Mzee alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu ya gunia, mahali pa uso. Halafu uchungu ukamrudia yule mama, akina mama wakaanza kumwambia haya sasa, haya, haya, na mtoto akatoka, akalia, sauti nyembamba kali kama ya mwanambuzi, na mara moja akapiga chafya, kwa sababu ya pareto. Bosibori akacheka kwa nguvu. Akasema bila kutugeukia, kana kwamba wazee wote kumi wako nyuma ya ukuta mrefu kama zamani, "Huko Kenyenya! Ni msichana. Nani anampa jina?"

Mzee hakugeuka. Alisema, "Kwamboka." Ni jina la aliyezaliwa watu wakiwa wamevuka. Kisha nikamshika mkono, gunia bado kichwani, nikamtoa nje.

Mwalimu Kwamboka, ndivyo alivyokuwa. Mchungaji alikuja jioni akamwekea mikono, akamwombea, akamwambia Mungu hahesabu jambo kama lile wakati wa vita. Mzee akamshukuru. "Maombi nimeyapokea," akasema. "Lakini kwetu kitu kama hiki kinahitaji kondoo wa kutakasa." Mchungaji akaeleza kwamba sisi tuliookoka hatuchinji kondoo kwa mambo hayo. Mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Watu wengi wameniuliza, na mama yako mwenyewe aliniuliza pale Nyaramba, kama najuta kumwingiza. Sijuti. Ningemwacha nje ningekuwa nimemheshimu na kumzika. Mpaka leo nikiona mvua ile inakuja mikono yangu inajiandaa kumbeba, na ningembeba tena, na angenipiga tena kwa kiwiko, na wote wawili tungekuwa sawa.

Asubuhi yake alikuja jikoni mapema. Alikuwa amevaa koti, vifungo vyote. Alikuwa ameosha sahani yake, akaiweka juu ya nyingine. Kikohozi kilikuwa kimetulia kidogo. Mimi nilikuwa nakoroga uji na watu walikuwa wameshapanga foleni.

"Tata, unaelekea wapi?"

"Kutafuta kondoo."

"Kondoo wa wapi? Kule kwenu kumeungua."

"Kondoo hawaungui wote," akasema. "Mwambie Ratemo akae na mkewe, asinifuate."

Nikamwambia ngoja kwanza unywe uji. Akasema atakunywa akirudi. Akashika barabara inayoelekea mpakani, barafu ya jana bado nyeupe kwenye mifereji, majani ya chai yamechanika yametapakaa kila mahali, naye anatembea katikati bila haraka. Nilikuwa na mwiko mkononi na watu mia na zaidi mbele yangu. Kule kwenye kona nikasikia mngurumo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku zile zote nikaliona lile lori, limejaa tope mpaka kwenye vioo, magunia yamerundikwa juu hadi mbinguni, na vijana wamekaa juu ya magunia wanaimba kwa kuwa wamelitoa darajani, na Ratemo katikati yao. Mzee akasogea pembeni ya barabara, akasimama kwenye majani, akaliachia njia. Ratemo alikuwa anatazama mbele, kwetu, anapunga shati lake. Niliacha mwiko nikakimbia mpaka langoni nikapaza sauti, "Tata! Magunia yamekuja! Ukuta umekuja, tata!" Lori likapita. Akarudi katikati ya barabara, akainua fimbo yake kidogo bila kugeuka, kama unavyomjibu mtu aliyekusalimia kutoka shambani, akakata kona. Hakurudi.